BOLTI IKIKATIKA, MSHAHARA USIKATWE



Katika msimu wa kahawa uliopita nilifika kwenye garaji moja huku kwetu Bugendana, katika ziara zangu za kawaida za chama. Nilikuta lori la kubebea kahawa limefunuliwa pua, rejeta imelazwa chini, na fundi kijana ameketi juu ya tairi kuukuu akiwa ameshika kichwa cha bolti mkononi. Nasema kichwa, sisemi bolti. Kiwiliwili cha bolti kilikuwa kimebaki ndani ya injini.

Nilimsalimu, akaitikia kwa shida. Nikamwuliza, "Vipi, ndugu yangu?" Akanijibu, "Mzee, hii imekula mshahara wangu."

Na kweli ilikuwa hivyo. Alikuwa ametumwa kubadilisha pampu ya maji. Bolti ya mwisho ikakataa kutoka, naye akaongeza nguvu, ikakatika. Lori likalala siku mbili, na msimamizi akaandika kwamba gharama zote zikatwe katika mshahara wa fundi kwa awamu tatu. Sababu iliyoandikwa ilikuwa neno moja tu: uzembe.

Nilichukua kile kichwa cha bolti nikakigeuza kwenye mwanga. Mahali kilipokatika palikuwa na rangi mbili. Ukingoni kote palikuwa pekundu na peusi kwa kutu ya siku nyingi. Katikati tu, sehemu ndogo kama punje ya mtama, ndipo palipong'aa kama chuma kipya. Maana yake ni kwamba bolti ile ilikuwa imeliwa miaka mingi, na siku ile ilimalizika tu. Mkono wa kijana yule ulikuwa wa mwisho kuigusa, lakini haukuwa wa kwanza kuikosea.

Mimi sikusoma zaidi ya shule ya msingi. Ufundi nilijifunza Buyenzi, mjini Bujumbura, kwa kushika taa na kuosha vyuma vya wakubwa wangu kabla sijaruhusiwa kugusa spana. Kwa hiyo ninaposema juu ya bolti, sisemi mambo ya kusikia. Na msimamo wangu nausema mapema: bolti iliyokwama ni hesabu ya matengenezo yasiyofanywa. Hesabu hiyo isipelekwe kwa fundi, bali ipelekwe kwa yule aliyekuwa na uwezo wa kuyaagiza matengenezo na hakuyaagiza. Lakini na sisi mafundi tunayo sehemu yetu, nami sitaificha.

KUTU HAIANZI LEO

Wengi hudhani bolti hukwama kwa sababu fundi aliyetangulia aliikaza mno. Hutokea, lakini katika sehemu za maji ya injini hiyo siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni maji yenyewe. Katika injini nyingi za zamani, baadhi ya bolti za pampu ya maji na za kifuniko cha themostati hupenya mpaka kwenye njia ya maji. Gasketi ikichoka, maji hupanda polepole katika nyuzi za bolti, yaani ile mizunguko inayoshika. Chuma hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka. Nafasi ndogo iliyokuwapo kati ya bolti na tundu lake hujaa, na bolti huwa kama imepigiliwa.

Ya pili ni ndoa ya vyuma viwili visivyopatana. Kifuniko cha themostati mara nyingi ni cha alumini, na bolti ni ya chuma. Weka maji machafu katikati yao, nawe umetengeneza kitu kinachofanana na betri. Alumini huliwa na kugeuka unga mweupe mgumu unaoibana bolti pande zote. Fundi akiona unga ule mweupe, ajue kwamba kazi ya leo haitakuwa ya dakika tano.

Ya tatu ni joto na baridi. Kila injini inapowaka na kuzimwa, vyuma hutanuka na kurudi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Fanya hivyo kila siku kwa miaka 15 au 20, kisha umwambie fundi aitoe ile bolti kwa nusu saa!

KWA NINI MAGARI YETU HUUMIA ZAIDI

Tuangalie nchi yetu ilivyo. Lori linalotoka Bujumbura, penye mita zipatazo 800 juu ya bahari, hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kabla ya kuteremka kuja Gitega. Mlima ule kila dereva anaujua, na vijana wa baiskeli wanaoshika nyuma ya malori ili wavutwe wanaujua pia. Injini hukoroma kwa gia ndogo, upepo wa kupoza ni kidogo, na mzigo ni mzito.

Tena, kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka mapema. Pwani ya bahari maji huchemka kwa digrii 100. Hapa Gitega, kwenye mita 1,500 na zaidi, huchemka karibu na digrii 95. Ndiyo maana rejeta ina kile kifuniko chenye springi. Kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Huyabana maji ili yasichemke upesi, na kifuniko kizima huongeza kiasi cha digrii 20 hivi. Kifuniko kikichoka, maji huchemka mlimani, na dereva hulazimika kusimama.

Akisimama hufanya nini? Huchukua kidumu na kwenda mtoni. Simlaumu. Ana mzigo, na simu ya mkubwa inalia. Lakini maji yale yana tope na chumvi za ardhini, na hayana dawa ya kuzuia kutu. Hutiwa leo, hutiwa kesho, mwaka unapita. Ile dawa ya rejeta, yaani kulanti, wengine huidharau wakisema, "Sisi hatuna barafu, ya nini?" Wanasahau kwamba kazi yake nchini kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Dawa ile huchoka, na ile ya kawaida ya zamani inatakiwa kubadilishwa kila miaka miwili hivi.

Sasa niulize: nani huamua kwamba dawa ya rejeta haitanunuliwa? Nani husema kifuniko cha zamani kitafaa mwaka mwingine? Siyo fundi, wala siyo dereva. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa aliyeacha ufa ni mmoja, na anayejengeshwa ukuta kwa mshahara wake ni mwingine.

KAZI YA FUNDI: SUBIRA KWANZA, NGUVU BAADAYE

Nimesema na sisi tunayo sehemu yetu. Nimeona mafundi wenzangu wakichukua bomba la mita moja, wakalichomeka kwenye spana, na kuning'inia hapo kama watoto kwenye tawi la mwembe. Huko ni kutafuta msiba. Bolti ya milimita 8 haikuumbwa kubeba uzito wa mtu mzima. Nawaomba tufuate utaratibu huu, ambao hauhitaji mali nyingi.

Kwanza, injini ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto hata kama mkubwa amesimama nyuma yako. Maji yale yamebanwa, nayo ukiyafungulia hugeuka mvuke kwa mara moja na kukurukia usoni. Ngoja mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuungua, kisha fungua polepole ukiwa na kitambaa kizito. Ondoa waya wa betri. Kinga maji kwenye beseni, wala usiyamwage mtaroni. Dawa ile ni tamu ulimini na ni sumu. Mtoto au mbuzi akiinywa anaweza kufa.

Pili, safisha. Chukua brashi ya waya usugue kichwa cha bolti na pembeni yake mpaka uone chuma. Mafuta ya kulainisha hayapenyi kwenye tope.

Tatu, lainisha na uache. Kama kuna mafuta maalumu ya kupenya kutu, tumia hayo. Kama hayapo, dizeli husaidia, ingawa kwa polepole zaidi. Tia, gonga kidogo, acha. Rudi baada ya saa moja, tia tena. Ukiweza, anza jioni uyaache mafuta yafanye kazi usiku kucha wakati wewe umelala.

Nne, gonga. Weka kipande cha chuma juu ya kichwa cha bolti ukipige kwa nyundo ya kiasi, mapigo madogo mengi, siyo pigo moja la hasira. Mtikisiko huipasua kutu ndani ya nyuzi na kuyapa mafuta njia. Mbele ya kifuniko cha alumini uwe mwangalifu zaidi, kwa maana alumini hupasuka.

Tano, tumia spana inayoenea sawasawa. Magari mengi ya Japani hutumia spana ya 12 kwa bolti ya milimita 8, na mengi ya Ulaya hutumia ya 13. Fundi asiyejali huchukua ya 13 akaitia kwenye kichwa cha 12, akakila kichwa chote mviringo. Tumia soketi yenye pembe sita, maana ile ya pembe kumi na mbili huteleza upesi kwenye kichwa kilicholiwa. Spana ya mdomo wazi isiguse kabisa bolti iliyokwama.

Sita, usilazimishe upande mmoja. Kabla ya kulegeza, jaribu kuikaza kidogo sana, kama upana wa unywele. Ikicheza, irudishe. Ilegeze robo, tia mafuta, ikaze kidogo, ilegeze tena. Bolti inayotoka kwa kwenda na kurudi huitupa kutu yake yenyewe. Ukisikia imekuwa laini mkononi kama mpira, inajipinda lakini haizunguki, simama hapo hapo! Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho kabla ya kukatika.

Saba, joto. Pasha ile sehemu inayoizunguka bolti, siyo bolti peke yake, ili tundu litanuke na kuiachia. Lakini kumbuka kwamba alumini huyeyuka kwa digrii 660, nayo haiwi nyekundu kwanza kama chuma ili ikuonye. Unaiona nzima, na mara imeanguka chini. Kwenye alumini anza kwa maji yanayochemka kutoka kwenye birika, mara mbili tatu. Ukilazimika kutumia moto wa gesi, usiuache mahali pamoja, na ondoa kwanza mipira ya maji, na mabomba ya mafuta yawe mbali. Kama kuna harufu ya petroli au dizeli, acha moto kabisa.

Bolti ikiwa ya moto kiasi, gusisha mshumaa wa kawaida pembeni ya kichwa chake. Nta huyeyuka na kuvutwa ndani ya nyuzi. Mshumaa ule ule unaotumia nyumbani umeme ukikatika umewahi kuniokolea injini nzima.

IKISHAKATIKA

Hata ukifanya haya yote, iko bolti itakayokatika. Fundi anayesema hajawahi kukata bolti, huyo hajafanya kazi kwenye magari ya zamani.

Ikikatika, weka spana chini. Ondoa bolti nyingine zote utoe kifuniko au pampu, kwa sababu mara nyingi kipande kilichobaki huwa kimechomoza nje. Kikichomoza, kipashe moto, ukishike kwa praisi ya kubana, ukizungushe huku na huku. Kama kuna mchomeleaji hodari, aweke nati juu ya kipande hicho na kuichomelea kwa ndani ya tundu lake. Joto la kuchomelea hulegeza kutu, na nati inakuwa kichwa kipya. Kwa maoni yangu njia hii inashinda zote.

Ikikatikia ndani, hapo ndipo kazi ya drili. Piga alama katikati kabisa, siyo karibu na katikati. Anza na ncha ndogo, ongeza kidogo kidogo. Kama nyuzi za tundu zimeharibika, bolti ya milimita 8 ya kawaida hutobolewa kwa ncha ya 6.8 kisha nyuzi hukatwa upya. Ya milimita 6 hutobolewa kwa ncha ya 5. Vaa miwani. Jihadhari pia na ile chuma ya kuchomeka ndani ya bolti ili kuizungusha. Ni ngumu lakini ni dhaifu, kama kioo. Ikikatikia ndani, drili ya kawaida haiwezi kuitoboa, na tatizo moja limekuwa mawili.

Unaporudisha, usirudishe bolti iliyoliwa. Safisha nyuzi za tundu. Bolti inayoingia kwenye maji ipakwe dawa ya kuzibia, na isiyofika kwenye maji ipakwe grisi kidogo. Kila bolti irudi tundu lake, maana urefu haulingani. Mkubwa wangu Buyenzi alinifundisha kuchora umbo la pampu juu ya kipande cha katoni na kuchomeka kila bolti mahali pake. Nilidhani ni mchezo wa watoto, mpaka siku niliyotia bolti ndefu kwenye tundu fupi nikapasua alumini. Kaza kwa kupishana, kidogo kidogo, na mwisho wake ni kipimo cha kitabu cha gari, siyo kipimo cha msuli wako.

SAA NANE AU NUSU SAA?

Sasa, ndugu msomaji, hesabu muda. Kusafisha, kulainisha, kuacha, kugonga, kurudia. Kazi hii inaweza kuchukua siku nzima na usiku wake. Kijana wa Bugendana alipewa muda gani? Aliambiwa lori litoke kabla ya jua kuchwa.

Sisemi msimamizi alikuwa na roho mbaya. Naye alibanwa. Wakati wa msimu, kuanzia Machi mpaka Juni, tunda la kahawa lililochumwa leo linatakiwa limenywe leo leo, la sivyo huanza kuchachuka kwenye gunia na bei yake kuanguka. Mkulima amekaa kando ya mzani anangoja. Lori likilala, wote wanaumia, kuanzia mchumaji mpaka mfanyakazi wa mashine.

Lakini hapo hasa ndipo ninaposhika hoja yangu. Kama lori ni la maana kiasi hicho, kwa nini pampu yake iguswe Aprili na siyo Januari? Mwezi wa Januari lori lilikuwa limepaki. Fundi alikuwapo. Bolti ingeweza kulowa mafuta siku tatu bila mtu kupiga kelele. Haraka ya Aprili ilitengenezwa na uvivu wa Januari, na uvivu ule haukuwa wa fundi.

TUNACHODAI

Kwa hiyo, kama mwanachama na kama mtu niliyepitia garaji, napendekeza mambo haya yawekwe mezani katika makubaliano ya pamoja, iwe Gitega, iwe Muyinga ambako malori hupita kutoka mpaka wa Kobero, iwe kwenye viwanda vya chai na sukari.

1. Magari yote yakaguliwe sehemu za maji kabla ya msimu kuanza, na ripoti ya fundi iandikwe na kutiwa sahihi na msimamizi. Akikataa kununua kinachotakiwa, ukataaji wake nao uandikwe.

2. Dawa ya rejeta na maji safi vihesabiwe pamoja na dizeli na tairi, visiwe hisani. Hata maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya mtoni.

3. Garaji iwe na soketi za pembe sita, mafuta ya kupenya kutu, tapu za kukatia nyuzi, miwani na glavu. Fundi asinunue miwani yake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Nao mkutano wa shirika hilo uliofanyika Geneva mwezi wa Juni 2022 uliuingiza usalama kazini katika haki za msingi zinazozihusu nchi wanachama wote. Nchi yetu ni mwanachama tangu mwaka 1963.

4. Mshahara usikatwe kwa kifaa kilichochakaa. Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 unataka makato yafuate masharti na kiwango kilichowekwa na sheria ya nchi au makubaliano ya pamoja. Hasira ya msimamizi siyo sheria. Ukiletewa karatasi ya makato, uliza kwa adabu: ni kifungu gani? Kisha mwite mwakilishi wako kabla hujatia sahihi.

NA SISI TUJISAHIHISHE

Kudai bila kujisahihisha ni kupiga kelele tu. Fundi anapoona unga mweupe au kutu inayochuruzika chini ya pampu, aseme siku hiyo hiyo, na aseme kwa maandishi. Wengi wetu hunyamaza tukiogopa kuambiwa tunatafuta kazi nyepesi. Kunyamaza kwako kwa leo ndiko kutakakoitwa uzembe kesho. Dereva naye aandike kila mara alipoongeza maji, wapi na kiasi gani. Daftari la shule linatosha.

Na wewe fundi mkubwa, usimwache mwanafunzi peke yake na bolti ngumu halafu ukaja kumcheka. Tulifundishwa, nasi tufundishe.

Mtauliza yule kijana yaliishaje. Tulikwenda ofisini watu watatu: yeye, mwakilishi wa wafanyakazi, na mimi. Hatukupiga meza. Niliweka kile kichwa cha bolti juu ya karatasi nyeupe, nikamwomba msimamizi atazame rangi zake mbili. Alitazama kwa muda. Akauliza, "Hii nyeusi ni ya zamani?" Nikamwambia, "Ina umri kuliko ajira ya kijana huyu." Dereva wa lori akaitwa na daftari lake, kwa bahati alikuwa nalo. Katika mwezi mmoja alikuwa ameongeza maji mara 11.

Makato yalisimamishwa. Awamu ya kwanza iliyokuwa imekwisha katwa ilirudishwa mwezi uliofuata. Soketi mpya bado hazijanunuliwa ninapoandika haya, na tumepanga kurudi ofisini. Kile kichwa cha bolti kijana amekitoboa tundu na kukitundika ukutani kwenye garaji, juu ya ubao wa spana. Kila msimamizi anayeingia hukiona.

Ndugu zangu, mwenda pole hajikwai. Tusiivunje bolti kwa pupa, wala tusikubali kuvunjwa nayo.

Umoja ni nguvu.